Mary Ware Dennett na kijitabu kilichompandisha kizimbani: yanayosemwa na yaliyokuwa

Mwezi Aprili 1929, mahakama ya shirikisho huko Brooklyn, New York, ilimtia hatiani bibi wa miaka 57 kwa kosa la kutuma maandishi machafu kwa njia ya posta. Maandishi yenyewe yalikuwa kijitabu chembamba, The Sex Side of Life, ambacho aliwaandikia wanawe wawili mwaka 1915. Bibi huyo ni Mary Ware Dennett. Karibu karne moja imepita na bado anasemwa visivyo na wanaompinga, na wakati mwingine hata na wanaomsifu. Nayachukua hapa yale yanayorudiwa zaidi.

Dhana: Aliandika mambo ya kuwachochea vijana

Anayesema hivi hajakisoma kijitabu. Mwanawe mkubwa alikuwa na miaka 14, umri wa maswali, na mama yake akaanza kutafuta kitabu cha kumpa. Alipitia makumi ya vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana na hakupata hata kimoja ambacho angeridhika kukiweka mikononi mwa mtoto wake. Vingine vilieleza maumbile ya mwili na kuishia hapo. Vingine vilizunguka kwenye maua na wanyama, na vilipomfikia binadamu vikanyamaza. Vingine kazi yake ilikuwa kutisha tu, kwa dhambi na kwa maradhi. Alichokikosa kote ni hisia: hakuna aliyethubutu kumwambia kijana kwamba tendo hili, likiambatana na mapenzi ya kweli, ni furaha kubwa katika maisha ya mtu.

Basi akaketi akaandika mwenyewe. Alivitaja viungo vya uzazi kwa majina yake sahihi, akaweka na michoro, akaeleza kujamiiana, mimba na kuzaliwa kwa mtoto. Aliwaambia vijana wazi kwamba matamanio huja mapema, kabla akili na tabia hazijakomaa, na kwamba kuna faida kubwa katika kusubiri. Ukahaba aliukemea, kwa sababu ni mwili bila mapenzi. Kuhusu punyeto, enzi zile vijana walikuwa wakitishwa kwamba italeta wendawazimu. Yeye aliandika kwamba wataalamu wameanza kuona kuwa madhara makubwa hutokana na ile hofu anayokuwa nayo kijana akiamini anatenda ovu. Magonjwa ya zinaa aliyaeleza kama magonjwa, yanayotaka tiba na tahadhari, wala hakuyageuza kiboko cha kumchapia mtoto.

Niseme wazi: kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Kuwatisha watoto ni rahisi, na kukwepa maswali yao ni rahisi zaidi. Kumheshimu mtoto wa miaka 14 kiasi cha kumweleza ukweli wote, na furaha ikiwemo, kulitaka ujasiri ambao wazazi wengi hatunao hata leo. Na ile hoja kwamba ukimfundisha utamfungulia mlango imekwisha kupimwa. Mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018, uliokusanya matokeo ya tafiti kutoka nchi nyingi, unasema elimu ya jinsia haiongezi ngono miongoni mwa vijana wala haiwaongezei tabia za hatari.

Dhana: Alikuwa daktari, au mwanamke aliyeichukia ndoa

Hakuwa daktari. Alizaliwa Worcester, Massachusetts, mwaka 1872, akasomea sanaa Boston, akafundisha usanifu wa mapambo katika taasisi ya Drexel huko Philadelphia, na alikuwa fundi stadi wa ngozi zilizopambwa kwa dhahabu. Baadaye akawa katibu katika chama cha kitaifa cha kupigania haki ya wanawake kupiga kura.

Mambo ya uzazi aliyajua kwa kuumia. Alijifungua mara tatu kwa tabu kubwa, na mtoto mmoja akafariki akiwa mchanga. Baada ya uzazi wa mwisho aliambiwa asishike mimba tena, lakini hakuna aliyemweleza afanyeje. Baadaye alikiri kwamba yeye na mumewe hawakujua lolote kuhusu kuzuia mimba. Mume, aliyekuwa msanifu majengo, akavutwa na mwanamke mwingine, na talaka ikapatikana mwaka 1913. Mtu angetegemea kuona uchungu huo katika maandishi yake ya miaka miwili baadaye. Haumo. Kijitabu kinazungumzia mapenzi ya mke na mume kama kitu cha thamani, kinachostahili kungojewa.

Dhana: Alikuwa mfuasi wa Margaret Sanger

Mwaka 1915, Dennett na wenzake walipounda National Birth Control League, chama cha kutetea uzuiaji wa mimba, Sanger, mwanaharakati maarufu wa jambo hilo hilo, alikuwa Ulaya akikimbia mashtaka. Wanawake hawa wawili walifanya kazi sambamba, mara nyingi kwa kuvutana. Sanger alikubali sheria ambayo ingewaruhusu madaktari peke yao kutoa maelezo ya kuzuia mimba. Dennett alikataa. Alitaka maneno yanayohusu kuzuia mimba yafutwe kabisa katika Sheria ya Comstock, iliyokataza kutuma maandishi machafu kwa posta, kwa sababu kuyaacha humo kungeendelea kuyapaka tope maarifa hayo, na kwa sababu maskini asiyemfikia daktari angebaki gizani. Mimi naona Dennett alikuwa sahihi, ingawa historia imemkumbuka zaidi mwenzake.

Dhana: Alikamatwa kwa kuwauzia watoto picha chafu

Mwaka 1918 kijitabu kilichapishwa kwanza katika jarida la madaktari, Medical Review of Reviews. Watu wakakiomba kwa wingi, naye akakitoa mwenyewe kwa senti 25. Walionunua walikuwa wazazi, walimu, makanisa, hata YMCA.

Mwaka 1922 Posta ikakipiga marufuku kwa kutumia Sheria ya Comstock ya 1873. Dennett aliandika barua kuuliza ni mistari ipi hasa iliyo michafu. Hakuonyeshwa hata mmoja. Akaendelea kukituma katika bahasha zilizofungwa. Ndipo mkaguzi wa Posta akabuni mwanamke, "Mrs. Carl A. Miles" wa Grottoes, Virginia, akaagiza nakala kwa jina hilo. Mama huyo hakuwahi kuwepo duniani. Hakuna mtoto aliyedhuriwa wala mzazi aliyelalamika katika agizo hilo. Serikali iliagiza kijitabu, kisha ikamshtaki aliyekileta.

Jopo lililomhukumu lilikuwa la wanaume watupu, kwani wanawake wa New York hawakuruhusiwa kuketi katika majopo ya mahakama hadi 1937. Waliamua kwa muda usiotimia saa moja. Faini ilikuwa dola 300. Akakataa kuilipa, akisema yuko tayari kwenda jela.

Wapo wanaosimulia kwamba alifungwa. Hakufungwa. Wakili Morris Ernst, akisaidiwa na chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, alikata rufaa, na tarehe 3 Machi 1930 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu. Jaji Augustus Hand aliandika kwamba maelezo sahihi ya mambo ya jinsia, yakitolewa kwa lugha ya staha na kwa nia ya dhati, kwa kawaida hayawezi kuhesabiwa kuwa machafu. Tangu hapo, serikali ya Marekani ikitaka kukiita kitabu kichafu, haikutosha tena kuonyesha kwamba kinataja jinsia.

Dhana: Kesi yake iliimaliza Sheria ya Comstock

Laiti ingekuwa hivyo. Ushindi wa 1930 ulilinda elimu ya jinsia. Maelezo ya kuzuia mimba yaliendelea kuhesabiwa uchafu mbele ya sheria hiyo hiyo. Muswada wa kuyafuta maneno hayo aliouhangaikia Washington, uliojulikana kwa majina ya wabunge Cummins na Vaile, haukufika hata kupigiwa kura bungeni. Dennett aliendelea kuandika: Who's Obscene? mwaka 1930, kuhusu kesi yake, kisha The Sex Education of Children mwaka 1931, kwa wazazi. Alifariki mwaka 1947. Bunge la Marekani lilikuja kuiondoa habari ya kuzuia mimba katika sheria hiyo mwaka 1971, karibu kwa namna ile ile aliyoidai yeye miaka ya ishirini.