José Mujica: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mwasi Aliyegeuka Mbunge

Kila baada ya muda picha yake hurudi kwenye simu zetu: mzee mwenye sharubu nyeupe, ameketi nje ya nyumba ndogo yenye paa la bati, na chini yake maneno yanayomtaja kuwa rais maskini kuliko wote duniani. Mzee huyo ni José Mujica, aliyekuwa rais wa Uruguay kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 na aliyefariki dunia tarehe 13 Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 89. Namheshimu sana, na kwa sababu hiyo inaniuma kuona maisha yake yakifupishwa hadi kuwa hekaya. Sehemu kubwa ya kazi yake ya siasa baada ya kutoka jela aliifanya bungeni, na hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kidogo kuliko zote.

Dhana: Mujica alikuwa mpiganaji wa msituni

Hapa Kiswahili chenyewe kinatupotosha, maana tumezoea kusema kwamba mtu akiasi "ameingia msituni", hata pale ambapo msitu wenyewe haupo. Uruguay ni nchi ya nyanda za malisho, haina milima mirefu wala misitu minene ya kuficha jeshi, na karibu nusu ya watu wake wanaishi ndani na pembezoni mwa mji mkuu, Montevideo. Kwa hiyo Watupamaro, kundi lililojipanga katika miaka ya 1960 likiongozwa na Raúl Sendic, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiwaunganisha wakata miwa wa kaskazini, walipigana mjini. Walipora benki na maghala ya silaha, wakajificha katika nyumba za kawaida mitaani na kuwateka nyara maofisa na wanadiplomasia. Mujica alishiriki katika uvamizi wa mji wa Pando tarehe 8 Oktoba 1969, na mwezi Machi 1970 polisi walimpiga risasi sita ndani ya baa moja ya Montevideo, akanusurika. Tarehe 6 Septemba 1971 alikuwa miongoni mwa wafungwa zaidi ya 100 waliotoroka gereza la Punta Carretas kwa kupitia handaki lililochimbwa hadi ndani ya nyumba iliyokuwa upande wa pili wa barabara.

Aidha, si kweli kwamba alianzia kwenye bunduki ndipo akajifunza siasa za kura. Akiwa kijana alikuwa mwanachama wa Chama cha Kitaifa, mojawapo ya vyama viwili vikongwe vya nchi hiyo, na alifanya kazi karibu na mwanasiasa Enrique Erro, aliyepata kuwa waziri. Mambo ya kampeni, mikutano ya hadhara na orodha za wagombea aliyajua kabla ya kujiunga na uasi.

Dhana: Alishika silaha ili kuung'oa udikteta wa kijeshi

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo inayoficha jambo zito zaidi, kwa hiyo inafaa kuzitazama tarehe. Watupamaro walianza harakati zao wakati Uruguay ilikuwa na serikali iliyochaguliwa na bunge lililokuwa likikutana. Ni kweli kwamba uchumi ulikuwa ukiporomoka, na kuanzia mwaka 1968 Rais Jorge Pacheco Areco alitawala kwa kutegemea hatua za dharura zilizobana vyama vya wafanyakazi na magazeti. Hata hivyo, udikteta wenyewe ulianza tarehe 27 Juni 1973, pale Rais Juan María Bordaberry, akishirikiana na majeshi, alipolivunja bunge. Kufikia siku hiyo Watupamaro walikuwa wamekwisha kushindwa kivita tangu mwaka 1972, na Mujica mwenyewe alikuwa jela. Mapinduzi yalifanyika dhidi ya nchi ambayo haikuwa tena na uasi wa kuzimwa.

Wala haiwezekani kusema kwamba kundi hilo liliwaonea huruma wanyonge daima. Mwezi Desemba 1971 mfanyakazi wa mashambani aitwaye Pascasio Báez aliligundua kwa bahati mbaya maficho yao ya chini ya ardhi, nao wakamuua kwa kumdunga sindano ya dawa ili asiwafichue. Alikuwa mtu maskini, wa tabaka lile lile walilosema wanalipigania. Anayemsifu Mujica bila kumtaja Báez hajaisoma historia hiyo hadi mwisho.

Dhana: Alitoka gerezani moja kwa moja hadi ikulu

Mwezi Septemba 1973 jeshi liliwachukua viongozi tisa wa Watupamaro, Mujica akiwemo, na kuwatangaza kuwa mateka: kundi likifanya shambulio lolote, wangeuawa. Walihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka kumi, kila mmoja peke yake, wakati mwingine katika shimo, bila vitabu na bila mtu wa kuzungumza naye. Akili ya Mujica iliyumba katika miaka hiyo, na baadaye hakulificha jambo hilo. Aliachiwa mwezi Machi 1985 kwa sheria ya msamaha iliyopitishwa na bunge jipya baada ya raia kurudi madarakani chini ya Rais Julio María Sanguinetti.

Kilichofuata hakikuwa ikulu. Wenzake walijadiliana kwa miaka kadhaa kuhusu kuiacha silaha moja kwa moja, na mwaka 1989 ndipo walipokubaliwa kujiunga na Frente Amplio, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto. Mujica alichaguliwa kuwa mbunge Novemba 1994 na kuapishwa Februari 1995, takriban miaka kumi kamili tangu atoke jela. Alikwenda bungeni kwa pikipiki ndogo aina ya Vespa, akiwa na nguo za shambani. Kisha akawa seneta, na kuanzia 2005 hadi 2008 waziri wa mifugo, kilimo na uvuvi. Alipoapishwa kuwa rais tarehe 1 Machi 2010, aliyempokea kiapo kwa niaba ya bunge alikuwa seneta Lucía Topolansky, mke wake, naye mpiganaji na mfungwa wa zamani. Kati ya geti la gereza na siku hiyo ilipita miaka 25.

Dhana: Aliibadilisha Uruguay kwa amri yake

Watu husema "Mujica alihalalisha bangi", "Mujica aliruhusu utoaji mimba", "Mujica aliruhusu ndoa za jinsia moja", kana kwamba aliamka asubuhi akasaini karatasi. Sheria hizo tatu, za mwaka 2012 na 2013, zilipigiwa kura na bunge ambamo muungano wake ulikuwa na viti 50 kati ya 99 katika Baraza la Wawakilishi. Ile ya bangi ilipita huko kwa kura 50 kati ya wajumbe 96 waliokuwepo, na katika Seneti kwa kura 16 kati ya 29. Sheria ya utoaji mimba ilikuwa imekwisha kupitishwa na bunge mwaka 2008, ikakataliwa kwa turufu na Rais Tabaré Vázquez, ambaye alikuwa wa muungano uleule. Kwa upande mwingine, mageuzi ya elimu aliyoyaahidi siku ya kuapishwa kwake hayakufika alikotaka.

Dhana: Aliwalipizia kisasi waliomtesa

Au, kwa wengine, kwamba aliwasamehe wote na jambo likaisha. Ukweli unasumbua zaidi. Sheria ya mwaka 1986 iliwakinga wanajeshi na polisi dhidi ya kushtakiwa kwa ukatili wa enzi za udikteta, na wananchi waliibakiza kwa kura mara mbili, mwaka 1989 na 2009. Mwaka 2011 wabunge wa Frente Amplio walijaribu kuifuta nguvu yake. Mujica, aliyeteswa kwa miaka hiyo yote, aliwatahadharisha kwamba kuipuuza kura ya wananchi kutawagharimu. Seneti iliupitisha muswada kwa kura 16 dhidi ya 15, lakini seneta Eleuterio Fernández Huidobro, aliyekuwa mateka pamoja naye, aliunga mkono kwa nidhamu ya chama kisha akajiuzulu kiti chake. Mwezi Mei muswada ukakwama katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 49 kwa 49, na sheria nyingine yenye lengo hilohilo ikapitishwa mwezi Oktoba.

Tarehe 21 Machi 2012, kutokana na hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, Mujica alisimama bungeni akakiri hatia ya dola katika kutoweka kwa María Claudia García, aliyeletwa Montevideo kutoka Argentina akiwa mjamzito mwaka 1976 na kunyang'anywa mtoto. Familia nyingi za waliotoweka bado zinaona kwamba angeweza kufanya zaidi kwa ajili yao, nami naona wana haki ya kusema hivyo.

Dhana: Alikuwa maskini

Alitoa takriban asilimia 90 ya mshahara wake, akaendesha Volkswagen ya mwaka 1987 na kulima maua. Lakini tamko lake la mali la mwaka 2012, lililojumuisha nusu ya mali ya mkewe, lilionyesha takriban dola 215,000, zikiwemo shamba na matrekta. Mwenyewe alilikataa jina la maskini. Alisema maskini ni yule anayehitaji vingi.

Dhana: Siasa zake ziliisha mwaka 2015

Alirudi katika Seneti mara tu baada ya urais, akajiuzulu mwaka 2018, akachaguliwa tena mwaka 2019. Janga la korona lilipokuja, maradhi ya kinga ya mwili yalimzuia kukutana na watu. Tarehe 20 Oktoba 2020 alijiuzulu katika kikao kimoja na Sanguinetti, yule ambaye serikali yake ilimfungulia mlango wa jela mwaka 1985 na aliyekuwa mpinzani wake tangu hapo. Wazee hao wawili walikumbatiana mbele ya maseneta, kisha viti vyao vikachukuliwa na wabadala waliofuata katika orodha za vyama vyao.