Akili unde haioni kilichomo ndani ya konsoli yako

Wengi hudhani kwamba akili unde ikiwekwa kwenye konsoli ya Python (dirisha la kuandikia na kuendesha msimbo wa lugha hiyo ya programu), maelezo yake hutokana na kuuendesha msimbo. Sivyo. Kwa kawaida modeli ya akili unde husoma maandishi iliyopelekewa, basi. Chukua mstari sum([1, 2]), unaojumlisha 1 na 2: itakueleza, tena kwa kujiamini kweli kweli, kwamba jibu ni 3. Lakini kama dakika kumi nyuma uliandika sum = 10, konsoli haijasahau. Utapata TypeError (kosa la aina ya data), kwa kuwa jina lile sasa ni namba, si fanksheni ya kujumlisha. (Andika del sum kuifuta namba hiyo, mambo yatarudi sawa.) Kwa hiyo anayeunda kifaa cha namna hii apeleke pia mistari iliyotangulia, ujumbe wa kosa na aina za vigeu (majina yanayobeba thamani). Nywila zilizomo humo, azichuje kwanza.