"Kapewa darasa la malezi" maana yake nini hasa?

"Jaji kaona hajui kulea, kampeleka darasani." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, sasa naijibu.

Darasa la malezi ni kozi fupi ambayo mahakama huwaagiza wazazi wanaoachana waihudhurie, mara nyingi kabla talaka haijatolewa. Basi. Huko Florida, Marekani, sheria inataka saa zisizopungua 4, na inawahusu wazazi wote wawili. Texas jaji ndiye huamua kama waende, na wakienda ni saa 4 hadi 12. Ukimaliza unapewa cheti, kinaingia kwenye jalada la kesi.

Kinachotuchanganya ni neno lenyewe, malezi. Kwenye kesi za talaka limebebeshwa mizigo miwili. Tukisema "mama kapewa malezi", tunamaanisha mahakama imeamua mtoto akae naye. Kwenye darasa, malezi ni ile kazi yenyewe ya kulea. Ndiyo maana mtu akisikia jirani "kapewa darasa la malezi" anauliza nani kashinda. (Matunzo, yaani hela, ni suala la tatu, hilo tuliache.)

Na kitenzi lea nacho kina mambo yake. Tunalea mtoto, tunalea mimba, lakini pia mtu hulea ugonjwa, na watu wawili wanaweza kulea ugomvi miaka kumi. Darasani hakuna anayefundishwa kumwogesha mtoto. Mzazi huyo amekuwa akimwogesha siku zote. Kinachozungumzwa ni ule ugomvi unaolelewa, na namna unavyomfikia mtoto. "Mwambie baba yako ada haijalipwa." Mtoto anaondoka na kauli hiyo, anaitua kwa baba, anarudishiwa nyingine: "Mwambie mama yako na yeye ana mikono." Ana miaka saba, na zote mbili amezibeba yeye.

Wala darasa hili si ushauri nasaha wa kuwarudisha wazazi pamoja, wala usuluhishi; hakuna makubaliano yanayosainiwa pale.

Ni kweli kwamba huko Florida anayekataa kuhudhuria anaweza kuhesabiwa ameidharau mahakama, hata kunyimwa malezi ya pamoja. Lakini hapo kosa lake ni kukaidi amri, si kutojua kulea. Kwa hiyo, ndugu yangu, sema "wameagizwa darasa", kwa wingi, maana kwa kawaida huagizwa wote wawili. Ukitaka kujua mtoto anakaa kwa nani, uliza hivyo hivyo. Kwenye cheti hutalikuta jibu.