"Ilipigwa dawa lini?" Maswali na majibu kuhusu viuatilifu kwenye mboga za Dar

Jumamosi moja asubuhi, kwenye genge moja la Tabata, mama mmoja alikuwa anafuta nyanya kwa ncha ya khanga. Nyanya ilikuwa na vumbi jeupe, utadhani imegaragazwa kwenye unga. "Hii dawa hii," akamwambia muuzaji. "Ukiosha inatoka mama yangu," akajibiwa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Mimi ni afisa afya, na maswali yaliyopo hapa chini ndiyo ninayoulizwa kila nikikaa na kina mama kliniki. Mawili matatu yametoka kwa vijana wanaolima bustani bondeni.

Ule weupe kwenye nyanya ni nini hasa?

Mara nyingi ni dawa ya ukungu, na ile inayotumika sana ni mankozebu. Mkulima huipiga ili bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, isimmalizie shamba, hasa msimu wa mvua. Dawa ya aina hii hukaa juu ya ganda, haiingii sana ndani, kwa hiyo ukiisugua vizuri kwa maji sehemu kubwa inaondoka. Hapo muuzaji yuko sahihi.

Ila zipo dawa nyingine, hasa za wadudu, ambazo mmea unazinywa. Zinapita kwenye mizizi au majani na kusambaa hadi kwenye tunda. Hizo hazina vumbi wala harufu, na nyanya yake inang'aa kuliko zote kwenye rundo. Maji hayazifikii. Ndiyo maana huwa nasema nyanya yenye vumbi angalau imekwambia ilikopita.

Basi nioshe kwa nini? Chumvi? Siki? Sabuni?

Sabuni hapana, nayo inabaki kwenye chakula. Maji yanayotiririka na mikono inayosugua ndiyo njia bora. Bomba likiwa limekata, kama tulivyozoea, tumia mabeseni mawili: la kwanza suuza na umwage, la pili rudia. Loweka kwa siki au chumvi kama unayo, inasaidia kidogo, lakini usiihesabu kuwa ni kinga. Kabichi vua majani mawili matatu ya nje. Karoti na tango menya. Mchicha tenganisha jani na jani, usizamishe fungu zima likiwa bado limefungwa kamba.

Na nyanya ya kachumbari ishughulikie zaidi kuliko ya mchuzi, kwa sababu haipiti motoni.

Nimesikia mchicha wenye matundu ndio salama, maana mdudu ameula.

Tundu linakwambia mdudu alipita. Halikwambii alipita kabla ya dawa au baada. Mkulima akiona matundu ndipo anapochukua bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Tena siku hizi wapo wadudu wasioisikia dawa: waulize wakulima wa nyanya kuhusu kantangaze, yule kiwavi anayechimba majani na matunda. Wengine wamechanganya dawa tatu kwenye bomba moja na bado yupo. Mchanganyiko wa namna hiyo haukuandikwa kwenye lebo yoyote, na masalia yake sokoni ni kitendawili.

Hizo "siku za kusubiri" mnazozitaja ni nini?

Hapa ndipo kwenye kiini, naomba mnivumilie.

Kila kiuatilifu, yaani dawa ya wadudu, ukungu au magugu, kilichosajiliwa kina lebo, na kwenye lebo kuna idadi ya siku ambazo lazima zipite kati ya kupiga dawa na kuvuna. Kwa dawa nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi, na dawa hiyohiyo inaweza kuwa na siku tofauti kwa kabichi na kwa nyanya. Katika siku hizo jua, mvua na mmea wenyewe huivunjavunja dawa, na mmea nao unakua, kiasi kinapungua. Mkulima akisubiri, kinachobaki kwenye chakula ni kidogo. Asiposubiri, hakuna beseni litakalomsaidia mlaji.

Tatizo ni kwamba siku za dawa na siku za soko hazipatani. Chukua bamia. Msimu ukikolea inachumwa kila baada ya siku mbili, ukichelewa inakomaa na kuwa kamba, hakuna anayeinunua. Tango vilevile. Matembele yanakatwa, yanachipua, yanakatwa tena. Sasa mkulima wa bamia amepiga dawa ya siku 7 siku ya Jumatatu. Jumatano bamia imefika. Akisubiri hadi Jumatatu nyingine amepoteza michumo mitatu, na ada ya shule haimsubiri. Nimewahi kukaa na kijana bondeni akanionyesha lebo mwenyewe, akaisoma vizuri tu, kisha akaniuliza: "Mzee, hii siku saba nimwambie nani?" Sikumlaumu. Dawa aliyouziwa haikufaa zao lake. Alihitaji yenye siku moja au mbili, na dukani hakuna aliyemuuliza analima nini.

Wengine hata lebo hawaioni, kwa kuwa wanauziwa ya kupima, imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hiyo ni hatari mara mbili, maana chupa hiyo ikifika nyumbani mtoto anaiona ni maji.

Nani anapima? Serikali ipo?

Ipo. Viuatilifu vyenyewe, kuanzia usajili hadi ukaguzi wa maduka ya pembejeo, viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha. Usalama wa chakula kinachouzwa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019 ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA.

Kupima kwenyewe kunafanyika hivi: mkaguzi anachukua sampuli ya mboga, si jani moja, inasagwa, masalia yanatolewa kwa kemikali maalumu, kisha mashine inayatenganisha na kuyahesabu moja moja. Jibu linakuja kwa miligramu kwa kilo. Miligramu 1 kwa kilo ni sawa na gramu 1, chini ya robo ya kijiko cha chai cha chumvi, ndani ya tani nzima ya nyanya. Viwango vingi vya juu vinavyoruhusiwa viko chini ya hapo.

Viwango hivyo hutokana kwa kiasi kikubwa na Codex, chombo cha viwango vya chakula kilichoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na kilimo na WHO la afya, mwaka 1963. Watu wengi wanavielewa visivyo. Kiwango cha masalia si mstari kwamba ukiuvuka unaanguka. Kinapangwa kwa kuangalia kinachobaki pale mkulima anapofuata lebo, kisha kinalinganishwa na kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila madhara. Kiasi hicho cha kila siku nacho kwa kawaida kimechukuliwa kile kisichomdhuru mnyama maabara kikagawanywa kwa 100. Kwa hiyo sampuli ikizidi kiwango, kwanza inatuambia kuna mtu hakusubiri, au ametumia dawa isiyo ya zao lile. Ni alama ya kufuatilia.

Mtaniambia: mchicha wa Mabibo unapimwa lini? Tuwe wakweli. Fungu lililovunwa alfajiri limeliwa jioni kabla jibu la maabara halijatoka. Upimaji hauwezi kulizuia fungu lako la leo. Faida yake ni nyingine: ukipima mara kwa mara, soko kwa soko, unajua ni zao gani linarudia kosa, linatoka bonde gani, na dawa gani. Hapo bwana shamba anajua aende wapi. Maharage mabichi ya kupelekwa Ulaya yanafuatiliwa hadi shambani kwa sababu kule kuna mnunuzi atakayeukataa mzigo. Mchicha wetu hauna wa kuukataa, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo.

Zilizopigwa marufuku bado zipo?

DDT, dawa ya zamani ya wadudu, imo kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, matumizi yake yamebanwa kwenye kudhibiti wadudu waenezao magonjwa. Endosulfani, nayo ya wadudu, iliongezwa mwaka 2011. Klopirifosi, dawa nyingine ya wadudu ambayo wakulima wengi wanaifahamu, nchi wanachama zilikubaliana Mei 2025 nayo iingie, pamoja na misamaha kwa matumizi machache.

Marufuku ya karatasi haiondoi kilichokwisha mwagika. Hapa jirani tu, Vikuge wilayani Kibaha, mwaka 1986 ilifika shehena ya msaada kutoka Ugiriki, viuatilifu tani zipatazo 170, vingine vimeshapita muda. Banda la kuhifadhia likaanguka. Miaka mingi baadaye watafiti walipochimba udongo wa pale, DDT bado ilikuwepo.

Na mto Msimbazi?

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda, na njiani unapita bustani nyingi. Anayeosha bomba lake mtoni amewapelekea samaki dawa moja kwa moja. Jamii ya dawa za pairethroidi, ambazo kwa binadamu ni nafuu kidogo, huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na nyuki pia. Maji ya kusuuzia bomba yapulizwe shambani. Kopo tupu lisuuzwe mara tatu, litobolewe, lisibebewe maji wala mafuta.

Lakini nikiulizwa ni nini kinanitisha zaidi kwenye mchicha uliomwagiliwa maji ya Msimbazi, sitaanza na dawa. Nitaanza na kinyesi. Kipindupindu cha 2015 kilianzia hapa Dar.

Nimeletewa gunia la mahindi kutoka kijijini, limewekwa vidonge. Naliweka wapi?

Popote pasipolala mtu. Vile vidonge vya kuhifadhia nafaka, vya fosfidi ya alumini, vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Harufu yake ni kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua, mtu anaweza kudhurika bila kuinusa. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Tunaoishi chumba kimoja tunajua gunia linakaa miguuni pa kitanda, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Vidonge hivyo si vya kutumiwa nyumbani kabisa. Kama gunia limefika navyo, litoe nje sasa hivi. Ukishauri ndugu kijijini, waambie kuhusu mifuko ya plastiki ya tabaka nyingi inayonyima wadudu hewa, haina dawa yoyote.

Mtu akinywa au kumwagikiwa?

Vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa sabuni na maji mengi. Akiwa amemeza, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Peleka hospitali mara moja, na kopo au lebo uende nayo, kwa kuwa tiba inategemea aina ya dawa. Dalili za kundi moja la hatari, la dawa za wadudu ziitwazo oganofosfati, ni mate na machozi kutoka ovyo, jasho, kuhara, kifua kubana na mboni kuwa ndogo kama tundu la sindano.

Si bora niache mboga tu?

Hapana. WHO inashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu hatufiki. Badilisha badilisha: leo mchicha, kesho kisamvu, ambacho kwa kawaida hakipigwi dawa, keshokutwa majani ya maboga.

Nikimuuliza muuzaji, atajua?

Siku ile Tabata nilimuuliza. Alicheka kwanza, kisha akampigia anayemletea mzigo, akaweka spika. "Ilipigwa lini? Alhamisi. Kwani vipi?" Na nyanya zilichumwa Ijumaa. Yule mama akairudisha nyanya kwenye rundo, taratibu, akaulizia kisamvu.