Ruzuku ya ubunifu haiombwi kwa barua ya profesa

Juzi kanipigia kijana anayesindika mihogo. Dirisha la maombi ya ruzuku ya ubunifu linafungwa kesho yake saa sita usiku, andiko liko tayari, kilichobaki ni "profesa yeyote wa SUA anisainie barua", yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Huyo ni wa nne mwezi huu. Zamani nilikuwa nacheka.

Watu wameshika kwamba mtafiti ni pambo la andiko: unamtafuta mwishoni, anagonga muhuri, fedha ikitoka kila mtu na njia yake. Lakini kwenye ruzuku za namna hii, zinazotaka mjasiriamali na mtafiti wafanye kazi pamoja, kinachopimwa ni ushirikiano wenyewe. Mtathmini akifungua bajeti anatafuta nani anafanya nini, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi. Akikuta chuo kimetengewa hela kidogo ya "ushauri" huku vipimo vya maabara havina mwenyewe, ameshajua barua ilipatikanaje. Wamarekani walilimaliza kwa kanuni. Katika STTR, mpango wa serikali yao wa ruzuku kwa kampuni ndogo zinazoshirikiana na watafiti, ulioanzishwa mwaka 1992, kampuni ndogo lazima ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na taasisi ya utafiti angalau asilimia 30, tena wawe wameandikiana mali bunifu itakuwa ya nani. Huko huendi kuomba, najua. Ila chukua mgawanyo huo uupime nao ubia wako, uone kama kuna ubia.

Kuna na mambo ambayo barua haiyasemi kabisa. Mwanafunzi wa uzamili anayepima sampuli zako anawaza tasnifu yake. Msimamizi wake anawaza makala. Wewe unawaza unga usioingia ukungu dukani. Matokeo yakichapishwa kabla hujapeleka maombi ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, uvumbuzi unaweza kuhesabiwa kuwa si mpya tena, na hapo hakuna aliyekuibia. Hamkukaa mkakubaliana tu. Ununuzi nao: chuo cha umma kinafuata sheria ya ununuzi wa umma, kwa hiyo kifaa ambacho wewe ungekipata Kariakoo asubuhi moja kinaweza kuwachukua wiki kadhaa. Kama ratiba yako haikulihesabu hilo, utachelewa na ripoti ya kwanza.

Ushauri wangu ni uleule, wanaonijua wameshauchoka. Miezi sita kabla ya dirisha, nenda maabara na sampuli mkononi, ulipie kipimo kimoja kwa hela yako. Kama ni chakula au kemikali, wapo TIRDO, shirika la umma la utafiti wa viwanda, na vyuo. Kama ni zana ya kilimo, kituo cha zana za kilimo cha CAMARTEC, Arusha. Kipimo kimoja kitakuonyesha kama mtu huyo anajibu simu, na hilo lina thamani kuliko CV yake.

Mengine nayapitia mbiombio.

Eti ruzuku ni pesa ya bure. Riba hulipi, sawa, lakini utaidai kila risiti ya EFD (mashine ya kodi) mpaka ya boksi la glavu, na fedha yenyewe huja kwa awamu. Ripoti ikilala, awamu inayofuata inalala nayo. Unataka gari la kusambazia? Nenda benki.

Eti ruzuku na tuzo ni kitu kimoja. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipopewa pauni 25,000 na Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, alizawadiwa kwa chujio la maji alilokwisha kulibuni. Ruzuku inalipia kazi ambayo bado haijafanyika. Ndiyo maana hata jibu la "tumejaribu, haikufaa" hupokelewa, mradi vipimo viwepo.

"Wataniibia wazo." Mara nyingi anayesema hivi hana hata daftari la majaribio. Andika, weka tarehe, saini mkataba wa usiri, songa mbele.

Halafu kuna konsalta anayetaka asilimia kumi ya fedha itakayotoka. Gharama hiyo wafadhili wengi hawaikubali ndani ya bajeti, kwa hiyo itatoka mfukoni mwako. Mlipe kwa kazi aliyoifanya. Mimi ningekwambia uandike mwenyewe, hata kwa Kiswahili kwanza, kisha utafute wa kukusahihishia.

Yule wa mihogo nilimwambia aliache dirisha hili lipite, afunge kilo mbili za unga apande basi la Morogoro. Akakata simu.