Mjumbe maalumu kwa Waislamu hufanya nini hasa?

Balozi wa kawaida hukabidhi hati zake kwa rais au mfalme mmoja, na kazi yake kubwa huishia wizarani. Mjumbe maalumu kwa jumuiya za Waislamu hana mji mkuu wake. Marekani ilimteua wa kwanza mwaka 2008, Sada Cumber, ili aiwakilishe mbele ya OIC, yaani Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, yenye nchi 57 na makao makuu Jeddah, Saudi Arabia. Mwaka 2010 akafuata Rashad Hussain, ambaye amehifadhi Kurani. Kabla yake, mwaka 2009, Farah Pandith alikuwa amepewa kazi tofauti kabisa: kukutana na wananchi wenyewe, hasa vijana.

Kwenye OIC, nchi isiyo mwanachama haina kura. Mjumbe anayetaka azimio lipite hana budi kuzifikia nchi wanachama mapema, kabla mawaziri wa mambo ya nje hawajaketi, ili hoja iletwe na mmoja wao. Kwa wananchi hakuna azimio la kupitisha. Huko mtaji ni kuaminiwa, na ndiko mambo huharibika.

Mfano ulio wazi ni polio. Mwaka 2003 jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo kwa sababu ya uvumi kwamba inafunga kizazi. Virusi vikasambaa nje ya Nigeria hadi Sudan, Yemen na Indonesia. Kano ilikubali tena mwaka 2004, baada ya kupata chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Matone yalikuwa yaleyale mawili mdomoni. Kilichobadilika ni nani ameyaleta. Ndiyo maana Obama, akihutubia Cairo Juni 2009, alitangaza juhudi za pamoja na OIC dhidi ya polio. Baadaye Al-Azhar, taasisi kongwe ya elimu ya Kiislamu mjini Cairo, na Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya Jeddah zilijiunga katika kundi la ushauri wa Kiislamu, ambalo kauli yake mzazi huipokea kwa urahisi kuliko ya mjumbe yeyote wa kigeni.

Pigo likatoka upande wa Marekani yenyewe. Katika kumsaka Osama bin Laden, shirika la ujasusi la CIA lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini huko Abbottabad, Pakistan, kuficha upelelezi wake. Habari ilipofichuka mwaka 2011, wachanjaji wasio na hatia wakatiliwa shaka. Ahadi ya Ikulu ya Marekani kwamba CIA haitatumia tena programu za chanjo ilikuja 2014, na kwa kweli ilichelewa mno. Hotuba nzuri haifuti jambo kama hilo.

Kwa hiyo taasisi ya Kiislamu inayoalikwa kwenye ubia wa aina hii iulize mapema, na ipewe majibu kwa maandishi: fedha zinatoka fungu gani, la maendeleo au la usalama? Majina ya waliohudhuria yatabaki kwa nani? Mjumbe akibadilishwa, mradi utasimamiwa na ofisi ipi?