Virusi havionekani, mbona bado nimeze dawa?

Swali: Naishi na VVU tangu 2009. Juzi kliniki hapa Kayole wameniambia virusi havionekani kwenye damu. Kinga yangu imeshinda?

Jibu: Imepata kupumua, haijashinda. VVU huingia kwenye seli za CD4, zile zinazoamsha wenzake zipigane, kisha hujipachika ndani ya vinasaba vya seli yenyewe. Baadhi ya seli hizo husinzia miaka na mikaka. Seli iliyolala haitoi virusi, kwa hiyo kinga haina cha kuitambulia. Dawa nazo huzuia virusi kuzaliana. Seli iliyolala, isiyozalisha chochote, haziigusi. Ukiacha vidonge, kwa watu wengi virusi hurudi kwenye damu baada ya wiki chache tu.

Swali: Kwani kingamwili, zile protini za kinga zinazonasa virusi, hazisaidii?

Jibu: Unazo tele. Ule mstari wa pili uliotokea kwenye kipimo cha VVU ulipochomwa kidole ni kingamwili zako. Ila kirusi hiki hukosea sana kinapojinakili, na makosa hayo hukibadilisha sura: zikishakijua cha jana, cha leo kina uso mwingine. Seli za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa, hujitahidi zaidi. Huchangia sana kushusha virusi baada ya homa ya wiki za mwanzo, ndiyo maana mtu asiyetumia dawa anaweza kukaa miaka 8 au 10 akichapa kazi Gikomba bila kujijua. Lakini vita vya kila siku huzichosha.

Swali: CD4 yangu ilikuwa 180, sasa ni 620. Nimepona?

Jibu: Hongera, kwa kweli. Asiye na VVU huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1500 kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu. Chini ya 200 ndipo TB na homa ya uti wa mgongo hupata mwanya mkubwa zaidi. Hata hivyo kinga hubaki imewaka kidogo kidogo, na moto huo huumiza moyo na mishipa. Ukienda kuchukua dawa, pima na presha.

Swali: Je, wale wanawake wauza ngono wa Majengo, Pumwani, Nairobi, wanaosemekana hawakuambukizwa VVU, ni hadithi?

Jibu: Si hadithi. Utafiti ulianza Pumwani mwaka 1985, ukashirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada. Wachache kati ya wauza ngono hao walikutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa, na baadhi walikuwa na CD8 zinazovitambua. Ajabu ni kwamba wengine walipopumzika kazi hiyo kwa muda, kisha wakarudi, waliambukizwa.